Kama Mungu alishajua nitakosea, ananihukumu kwa lipi?

MASWALI YA WASOMAJI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wa ukurasa huu kutoka Tukuyu. Nina mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu, yuko chuo Dar mwaka wa tatu. Sisi tumelelewa Moravian na yeye ndo alikuwa anapiga kinanda kwaya ya vijana, lakini tangu mwaka jana kaacha kusali kabisa na anasema wazi haamini tena. Ilianzia kwenye msiba wa rafiki yake waliyesoma wote toka darasa la kwanza, kijana wa watu alikuwa kapanda bodaboda akagongwa na gari, dereva wa gari kalewa chakari na polisi walimkamata palepale. Siku ya kuzika mhubiri akasimama akasema sisi tulimpenda ila Mungu kampenda zaidi, na kwamba siku zake zilishaandikwa hata kabla mama yake hajabeba mimba. Mdogo wangu akaninong'oneza, dada, kama kaandika Mungu yule dereva yuko mahabusu kwa kosa gani? Nikamwambia anyamaze watu wanatuangalia.

Tangu hapo ni maswali tu. Anasema kama Mungu anajua kila kitu kabla, basi alijua kabla hajamuumba kwamba ataacha imani, na akamuumba hivohivo ili aje amchome, sasa hiyo ni hukumu au ni mtego? Anasema Farao alifanywa mgumu na Mungu halafu akapigwa kwa ugumu huohuo. Anasema babu wa babu yetu alikufa kabla Wamoravian hawajafika Rungwe mwaka 1891, je naye anaungua kwa kutomwamini mtu ambaye hakuwahi kumsikia? Na juzi kaongeza la sayansi, eti walishapima ubongo wakakuta unaamua kabla mwenyewe hujajua, kwa hiyo hakuna anayechagua chochote. Kila nikijibu ananishinda, na mama akisikia tu tunabishana analia. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba, maana naona kwa mdogo wako bado ni mbichi kuliko mnavyodhani hapo nyumbani.

Nianze na pale makaburini kwa sababu ndo kwenye kiini, haya ya Farao na ubongo yamekuja baadaye kuongezea uzito. Alichouliza mdogo wako ni swali la mtu mwenye akili timamu na lilistahili jibu. Sisi watu wa kanisa tuna hii tabia, mtu akifa kwa uzembe wa mtu mwingine tunakimbilia mapenzi ya Mungu, mama mjamzito akifa kwa kukosa damu ni mapenzi ya Mungu, basi bovu likitumbukia korongoni tunasema siku za abiria zilifika, halafu Jumapili inayofuata tunasimama madhabahuni tunawaambia watu haohao wachague leo watakayemtumikia. Kijana anayesikiliza vizuri lazima aone kwamba haya mawili hayakai nyumba moja. Kama dereva alikuwa anatekeleza tu kilichoandikwa basi hakukosa, na kama hakukosa hakuna cha kumhukumu, si mahakamani si mbinguni. Mdogo wako kayafuata yale mahubiri mpaka mwisho wake, akafika alipofika.

Ila mahubiri yale siyo Biblia inavyosema. Zaburi ya 139 kweli inataja siku zilizoandikwa kitabuni mwa Mungu, lakini ile ni sala ya mtu anayeshangaa jinsi alivyojulikana na kutunzwa toka tumboni mwa mama yake, ukiichukua ukaieleza ajali ya ulevi unaibebesha neno ambalo haikulisema. Yesu mwenyewe aliletewa habari za namna hii, Luka 13, Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongezea wale watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu. Hakusema Mungu aliwapenda zaidi. Hakusema siku zao zilifika. Alikana kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine, kisha akawageukia waliokuwa wamesimama mbele yake akawaambia watubu, yaani wao bado wana la kufanya na linawategemea wao.

Sasa muulize mdogo wako, taratibu na bila kumtega, anataka yule dereva aachiwe? Najua atasema hapana, na ana haki kabisa. Uchungu wake wote unasema dereva angeweza kuacha funguo mezani akaomba mtu amrudishe nyumbani, na hakufanya. Hapo kashakiri hiari kwa moyo wake hata kama mdomo unaikana. Na mimi ndo naamini hukumu ya Mungu inaanzia hapohapo alipo yeye, kwamba kifo cha yule kijana hakikuwa mpango wa Mungu, kilikuwa dhambi ya mtu, na hakitapita hivihivi hata faili likipotea, hata shahidi akinunuliwa. Ukimnyang'anya mwanadamu hiari, wa kulaumiwa anabaki Mungu peke yake, na mahubiri yale bila kukusudia yalifanya hivo, yakamwondolea dereva kosa yakambebesha Mungu. Mdogo wako akamkataa huyo Mungu. Na mimi huyo simwamini.

Haya tuje kwenye kujua kabla. Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria, Mwafrika mwenzetu, alilichambua hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita akasema kumbukumbu yako hailazimishi yaliyopita yatokee, na hivohivo kujua kwa Mungu hakulazimishi yajayo. Wewe unakumbuka mdogo wako alivyoacha kwaya, lakini kumbukumbu yako siyo iliyomtoa kwaya. Mdogo wako atakujibu, sawa ila yaliyopita yameshapita, mimi nazungumzia kesho, Mungu akishajua kesho yangu sina pa kupenya.

Hapo fungueni wote 1 Samweli 23, watu wengi wanairuka sura hii. Daudi kawaokoa watu wa mji wa Keila, Wafilisti walikuwa wanawapora nafaka kwenye viwanja vyao vya kupuria, sasa yuko ndani ya mji na Sauli, mfalme anayemwinda amuue, kasikia. Daudi anamuuliza Mungu maswali mawili ya wazi kabisa. Sauli atashuka? Mungu anajibu atashuka. Watu wa Keila watanitoa kwake? Mungu anajibu watakutoa. Daudi akakusanya watu wake kama 600 wakatoka wakaenda popote walipoweza kwenda, Sauli akapata habari kwamba Daudi katoroka, akaacha kwenda. Yaani Mungu alisema atashuka na hakushuka, alisema watakutoa na hawakumtoa, na Mungu hakusema uongo, alikuwa anajua kitakachotokea kama Daudi angebaki. Kujua kwake hakukumfungia Daudi mlango, kulimfungulia. Padri mmoja Mjesuti wa Hispania, Luis de Molina, alichapisha kitabu kizima mwaka 1588 kwenye njia hii, kwamba Mungu anajua hata yale ambayo mtu huru angeyafanya katika kila hali, na maandiko ya Keila ni moja ya nguzo zake. Mi naona yuko karibu na ukweli kuliko wengi.

Nikuambie pia ili mdogo wako asije akakubaini unaficha, Wakristo wenyewe hatujakubaliana. Erasmo, msomi Mkatoliki, aliandika kuitetea hiari mwaka 1524, Martin Luther, mwanzilishi wa Walutheri, akamjibu mwaka uliofuata kwa ukali kwamba kwenye mambo ya wokovu hiari ya mwanadamu imefungwa. Waholanzi walikaa mkutano mrefu Dort mwaka 1618 hadi 1619 kwa ajili ya ugomvi huohuo, na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, baadaye akasimama upande wa hiari. Mwambie tu kwamba anachobishania leo ni kitu ambacho watu wenye imani kubwa wamekibishania kwa machozi, siyo kwamba yeye kagundua ufa ambao kanisa halijawahi kuuona.

Farao sasa. Soma naye Kutoka sura ya 8 polepole. Vyura wamejaa, kitandani kwa Farao, kwenye meko, kwenye vyombo vya kukandia unga. Anamwita Musa aombe. Musa anampa heshima ya kuchagua, niombe lini? Farao anajibu, kesho. Mtu ana vyura kitandani na anasema kesho! Wakafa, wakazolewa marundo marundo mpaka nchi ikatoa uvundo, na Farao alipoona pana nafuu akaufanya moyo wake kuwa mzito, imeandikwa yeye ndo aliufanya, na mwisho wa sura hiyohiyo kwenye mainzi akarudia tena. Ni kweli Mungu alimwambia Musa mapema kwamba ataufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, usimfiche hilo, lakini katikati ya mapigo yenyewe inakuja kuandikwa Bwana aliufanya mgumu kwenye pigo la sita, lile la majipu. Mimi nasoma hivi, mtu kakataa na kakataa na kakataa, mwisho Mungu anamwachia kile alichokuwa anakitaka. Na swali lenyewe la mdogo wako, mbona analaumu na hakuna anayeweza kushindana na kusudi lake, limo ndani ya Biblia, Paulo kaliandika Warumi 9:19. Jibu lake la mfinyanzi na udongo, kwamba chombo hakimhoji aliyekifinyanga, linawakwaza wengi kwa sababu wanaishia hapo, wakati hoja yake inaendelea mpaka mwisho wa sura ya 11, na pale neno ni kwamba Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote.

Kuhusu babu wa babu yenu, hapa niko na uhakika mkubwa. Luka 12, mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyafanye atapigwa sana, asiyejua atapigwa kidogo. Mathayo 11, Yesu anasema Tiro na Sidoni, miji ya watu wa mataifa, watapata nafuu siku ya hukumu kuliko miji iliyoona miujiza yake kwa macho. Warumi 2, wasio na sheria wana kazi ya sheria imeandikwa mioyoni mwao. Kipimo ni ulichokijua na ulichokifanyia. Wakatoliki waliliandika hilo rasmi kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1964, kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake na anamtafuta Mungu kwa moyo wa kweli anaweza kuokoka. Mhubiri anayewaweka wazee wetu wote motoni kwa sababu meli ilichelewa kufika hana andiko la kumsaidia hapo. Na sisi tuliosikia tangu utotoni ndo tuna kesi nzito zaidi, hili ningependa walisikie wazee wa kanisa pia.

La ubongo ni fupi. Anazungumzia jaribio la Benjamin Libet la mwaka 1983, watu waliambiwa wakunje kiganja wakati wowote wakijisikia, umeme kwenye ubongo ukaonekana kuanza kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajasema ameamua. Libet mwenyewe hakusema hiari haipo, alishikilia kwamba mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo, na mwaka 2012 watafiti wengine wakiongozwa na Aaron Schurger walionyesha ule umeme unaweza kuelezwa kama mtikisiko wa kawaida wa ubongo, siyo uamuzi. Na kukunja kiganja bila sababu siyo kukaa baa saa nne halafu ukachukua funguo.

Nimeliacha la mwisho lile zito, kama alijua kwa nini akaniumba. Hili usijifanye una jibu lake lote maana hakuna aliye nalo. Lakini angalia anachodai, kwamba Mungu angewaondoa kabla hawajazaliwa wote watakaopotoka. Basi dereva asingekuwepo, na watoto wa dereva wasingekuwepo, na mimi na wewe tusingekuwepo, maana hakuna ukoo usio na mtu huko nyuma aliyetenda uovu mkubwa halafu akazaa. Mungu aliyeacha historia iendelee kaacha na sisi tuje. Halafu mdogo wako anajiongelea kama mtu aliyeshahukumiwa, wakati ni kijana yuko hai na hakuna aliyeuona mwisho wake. Ezekieli 33:11 Mungu anaapa hafurahii kufa kwake mtu mwovu, na Mathayo 23 Yesu anaulilia Yerusalemu, mara ngapi nimetaka kuwakusanya watoto wako, wala hamkutaka. Anayetega mtego halii namna hiyo.

Bado linabaki la adhabu ya milele, na hapo pia msimfungie kwenye picha moja. Makanisa mengi yanafundisha mateso yasiyo na mwisho, Wasabato wanafundisha waovu wataangamia wasiwepo tena, na Gregori wa Nisa, mtakatifu kabisa wa karne ya 4, alitumaini kwamba mwisho wote watarejeshwa. Mimi naamini mtu anaweza kumkataa Mungu mpaka mwisho, na naogopa hilo, ila sitamtishia nalo mdogo wako na wewe usimtishie, hizo klipu za mahubiri ya moto zisitumwe kwenye simu yake na mwambie mama pia asitume. Akija likizo usianzishe mjadala mezani. Mwambie swali lake la siku ile makaburini lilikuwa halali na hukupaswa kumnyamazisha. Na kesi ya yule dereva ikipangiwa tarehe nendeni wote wawili mahakamani mkakae na mama wa marehemu.

Swali kutoka Tanga: Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi Muislamu, gazeti hili nalisoma kwa jirani yangu. Hii mada yenu ni sawa na yetu ya kadari, ya mambo kupangwa na Mungu kabla? Maana vijana wetu nao wanauliza hivohivo.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, karibu sana. Mimi si shekhe na ya ndani utawauliza masheikh wako, ila ndiyo, swali ni lilelile na mmelibishania kwa muda mrefu tu, wanazuoni wa zamani walioitwa Muutazila walisisitiza hiari ili isionekane Mungu ni dhalimu, wafuasi wa mwanazuoni Ashari wakasema tendo analiumba Mungu na mja analichuma, yaani linakuwa lake na anawajibika nalo. Habari ninayoipenda ni ya Khalifa Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham, upande wa Syria, akaambiwa kuna tauni, akashauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubaida, kamanda wake kule, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Mtu anaiamini kadari kwa moyo wote na bado anageuza msafara, anauliza, anapima, anaokoa watu wake. Nimeifananisha sana na ile ya Daudi kutoka Keila na nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu zote mbili pamoja. Kijana akikuambia kila kitu kimeandikwa kwa hiyo hana sababu ya kujitahidi, muelekeze kwa Umar.

Swali kutoka Kahama: Mwalimu, Yuda je? Alitabiriwa atamsaliti Yesu, sasa angefanyaje? Na bila yeye tusingeokoka.

JIBU: Usiku uleule Petro naye alitabiriwa, kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu, na ikawa. Wote wawili walijulikana kabla, wote wawili walianguka, na hawakuishia pamoja. Kama kutabiriwa ndo kunamfunga mtu basi Petro naye angefungwa. Na wokovu haukumhitaji Yuda, wakuu wa makuhani walikuwa wameshaazimia kumkamata Yesu kwa hila kabla Yuda hajaenda kuwauliza watampa nini.

Kinachoniuma mimi kwenye habari ya Yuda ni Mathayo 27. Alijuta. Alirudisha vile vipande 30 vya fedha akasema nimekosa, nimesaliti damu isiyo na hatia, hayo ni maneno ya toba kabisa. Ila aliyapeleka kwa wakuu wa makuhani na wazee, nao wakamjibu, basi haya yatupasa nini sisi? Yaangalie wewe. Akatoka akajinyonga. Hakuna aliyemwandikia aende kwa wale, Yesu alikuwa bado hai asubuhi ile.